HAKI YA NJIA NA PICHA ZA WAPITA NJIA

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu yetu mmoja, mtu wa Mombasa ambaye riziki imempeleka Nyeri, ametuletea swali ambalo tumeona lastahili kusomeshwa darasani na kuandikwa, maana si lake peke yake. Asema kwamba siku za mapumziko huzunguka katika miji ya chini ya Mlima Kenya, yaani Nyeri, Karatina na Nanyuki, akiwapiga picha watu asiowajua bila wenyewe kutambua: mpagazi asukumaye mkokoteni, utingo aning'iniaye mlangoni mwa matatu, wazee wangojeao gari katika ukungu wa Julai. Picha hizo huzitia katika mtandao, na watu wengi huzisifu.

Sasa limezuka jambo. Mama mmoja auzaye viazi katika soko la Karatina alimjia akamwambia ya kuwa picha yake, akiwa amesinzia juu ya magunia na kinywa chake wazi, imewafikia wanawe na watu wa kanisa lake, nao wamemcheka. Akamtaka aiondoe. Wenziwe ndugu huyu wamemshauri asiiondoe, kwa hoja tatu. Ya kwanza, njia na soko ni vya watu wote. Ya pili, picha haisemi uwongo. Ya tatu, mtu akiombwa ruhusa hujitengeneza, na ukweli ukapotea. Auliza: je, aiondoe? Na je, kazi hii yamfaa Muislamu?

Jawabu letu kwa ufupi ni hili: aiondoe leo kabla ya kesho. Ama kazi yenyewe, haikukatazwa yote, wala haikuachwa wazi yote; ina mipaka yake. Nasi twaieleza kwa taratibu.

I. CHOMBO CHENYEWE

Kwanza tuondoe shaka ambayo wengi hukwama hapo wasifike kwenye kiini cha mas-ala. Elimu ya nuru inayofanya kazi ndani ya kamera si ngeni katika uma wetu. Ibnul Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Cairo yapata mwaka 1040, alichungua jinsi nuru ipitavyo katika tundu jembamba ikaingia chumba cha giza, na umbo la kilicho nje likaonekana ukutani. Picha ya kamera ni nuru hiyo iliyozuiliwa isiondoke.

Wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya hukumu yake. Sheikh Muhammad Abduh aliandika mwaka 1904, baada ya kuzuru Sicily, akionyesha manufaa ya picha katika kuhifadhi elimu na habari za watu. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1914, alitunga risala akieleza kwamba mpiga picha haumbi chochote, bali hukizuia kivuli alichokiumba Mwenyezi Mungu, kama kioo kinavyokipokea. Wengine, kama Sheikh Ibn Baz na Sheikh al-Albani, ambao wote wawili walifariki mwaka 1999, walishika ukali, wakaruhusu palipo na haja tu. Kila kauli ina wenyewe, nasi hatumtusi yeyote.

Lakini hata aliyeshika kauli ya Sheikh Bakhit asidhani kwamba amemaliza kazi. Kisu ni halali, na kwa kisu kimoja mtu huchinja kitoweo na mwingine humjeruhi jirani yake. Baada ya kuuliza kama chombo ni halali, yatupasa tuulize kimefanywa nini, na nani amedhurika.

II. "NJIA NI YA WATU WOTE"

Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Said al-Khudri (r.a.) ya kwamba Mtume (s.a.w.) aliwatahadharisha Masahaba wasikae njiani. Wakamwambia kwamba hawana budi, kwani ndiyo mabaraza yao ya mazungumzo. Akawaruhusu kwa sharti kwamba waipe njia haki yake. Walipouliza haki ya njia ni nini, aliwatajia kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu.

Na tuizingatie hadithi hii, kwani ndiyo nguzo ya somo letu. Njia kuwa ya watu wote hakukuwaondolea wapitao haki zao, bali kumewapa haki juu ya kila akaaye humo. Na haki ya kwanza iliyotajwa, kabla hata ya salamu, ni haki juu ya jicho. Msikiti nao ni wa watu wote, lakini viatu vilivyo mlangoni vina wenyewe. Hali kadhalika njia ni ya wote, lakini nyuso zipitazo humo zina wenyewe.

Tena Mtume (s.a.w.) alimfundisha Ali (r.a.) asilifuatishe tazamo kwa tazamo, kwani la kwanza, lijalo bila kukusudia, amesamehewa, na la pili si lake. Sasa na tuitazame kamera. Kazi yake ni kulichukua tazamo la kwanza, lile la mpita njia, na kulifanya kuwa la pili na la tatu na la elfu, mikononi mwa watu ambao hawakupita njia ile wala hawajui iliko. Kwa hiyo tusiseme kwamba kupiga picha ni sawa na kutazama. Hapa pana mambo matatu mbalimbali: kuona, kuhifadhi, na kueneza. Kila moja lahitaji ruhusa kubwa kuliko lililotangulia.

Mama yule wa Karatina alikubali kuonwa na wanunuzi na wachuuzi waliopita mbele ya magunia yake saa ile. Hakukubali kuonwa na wakweze, na watu wa kanisa lake, na watu wa Mombasa na London. Ruhusa ya kuonwa sokoni si ruhusa ya kuonyeshwa duniani.

Zaidi ya hayo, alikuwa amelala. Katika Suratun Nur, aya ya 58, Mwenyezi Mungu ameziweka nyakati tatu za mapumziko kuwa nyakati za sitara, hata watoto na watumishi wa nyumbani wasiingie bila kupiga hodi. Aya yahusu majumbani, lakini hekima yake yafahamika: aliyelala hawezi kujisitiri, basi aliye macho ndiye anayepaswa kumsitiri.

III. "PICHA HAISEMI UWONGO"

Hoja hii ilikwisha jibiwa kabla kamera haijazuliwa. Katika hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) aliyoipokea Muslim, Mtume (s.a.w.) aliwafasiria Masahaba maana ya kusengenya, kwamba ni kumtaja ndugu yako kwa lile alichukialo. Mmoja akauliza: na ikiwa analo hilo ninalolisema? Akajibiwa ya kwamba ikiwa analo, ndiyo kumsengenya. Na ikiwa hanalo, huko ni kumzulia. Kwa hiyo ukweli wa jambo haukuwa udhuru. Kusengenya khasa ni kusema la kweli lisilopendeza mwenyewe.

Wala mtu asiseme kwamba yeye hakutamka neno. Imamu Ghazali ameeleza katika Ihya ya kuwa kusengenya hakukomei ulimini. Ishara ni kusengenya, na kuandika ni kusengenya, na kuigiza mwendo wa mtu ni kusengenya. Imepokewa kwamba Bibi Aisha (r.a.) alimwigiza mtu mbele ya Mtume (s.a.w.), naye akaonyesha kuchukizwa. Ikiwa kuigiza kwa mwili ni hivyo, itakuwaje picha ambayo huigiza kila kunyanzi la uso, wala haichoki kuigiza usiku na mchana?

Tena si kweli kwamba picha haidanganyi kamwe. Huonyesha dakika moja, ikaficha siku nzima. Aitazamaye picha ile ataona mwanamke mvivu aliyelalia mali yake. Hataona kwamba mchuuzi wa sokoni huamka usiku wa manane, hupakia magunia katika baridi ya mlima, hufika kabla ya jua, na akishinda macho mpaka adhuhuri usingizi humshinda. Kurani yatukataza, katika Suratul Israi, aya ya 36, kuyafuata tusiyoyajua, na kutuonya kwamba masikio na macho na moyo vitaulizwa.

Basi ndugu yetu na aifute picha hiyo, na awaombe walioichukua kwake waifute nao. Kisha amwendee mama huyo ana kwa ana, amtake radhi, wala asiende mikono mitupu. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kwamba aliyemdhulumu mwenziwe katika heshima yake ajitakase hapa duniani, kabla ya siku ambayo hapana dinari wala dirhamu ya kulipia.

IV. "MTU AKIOMBWA, UKWELI HUPOTEA"

Katika hoja zote tatu hii ndiyo yenye nguvu, na haifai kuibeza. Ni kweli kwamba uso wa mtu asiyejua kuwa anatazamwa una jambo ambalo uso uliojiandaa hauna. Lakini hapa twasema mambo mawili.

La kwanza, hata uso uliojiandaa una ukweli wake. Wazee wetu wa Mombasa wa miaka ya 1950 na 1960 walikwenda katika studio, kama ile ya Bwana Parekh, wakiwa wamevaa nguo zao za Idi, wakachagua namna ya kukaa na wa kukaa naye. Picha hizo zatuambia jinsi watu walivyotaka kukumbukwa, na hilo ni jambo kubwa katika habari za binadamu.

La pili, ruhusa yaweza kuja baada ya kupiga na kabla ya kueneza. Mpiga picha akiona jambo likamvutia, akalichukua pasipo kuwa na aibu ndani yake, na amwendee mwenyewe papo hapo, amsalimu, amwonyeshe na amwombe. Akikubali, ameupata ukweli na radhi pamoja. Akikataa, aifute mbele ya macho yake. Na ikiwa ukweli wa picha haupatikani ila kwa kumhuzunisha mwenye uso, basi ukweli huo si wako wa kuuchukua.

V. MIJI HII NA PICHA: HABARI ZA NYUMA

Yafaa ndugu zetu wa pwani wajue kwamba watu wa nchi ya Nyeri hawaanzi leo kupigwa picha na wageni. Waingereza walijenga ngome yao Nyeri mwaka 1902, na haukupita muda kamera ikafika. Bwana Scoresby Routledge na mkewe Katherine walikaa katika nchi hiyo, na mwaka 1910 wakatoa London kitabu kikubwa juu ya Wakikuyu, kimejaa picha. Mapadri wa Consolata kutoka Torino walipiga picha nyingi, na mwaka 1933 Padri Cagnolo alitoa kitabu chake juu ya Wakikuyu, kilichochapwa Nyeri kwenyewe. Vitabu hivi vina faida. Wajukuu leo hutazama humo mavazi na nyumba za mababu zao. Lakini wengi katika picha za namna hiyo hawana majina. Ni "mwanamke wa Kikuyu", ni "mzee", ni "kijana", kana kwamba ni sampuli za mbegu na si watu walioitwa kwa majina na mama zao.

Kisha ikaja vita ya Mau Mau. Tarehe 21 Oktoba 1956 Dedan Kimathi alipigwa risasi akakamatwa karibu na Nyeri, na picha yake akiwa amelala, amejeruhiwa na kutiwa pingu, ikaenezwa ili wafuasi wake wavunjike moyo. Alihukumiwa Nyeri, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957, na akazikwa pasipojulikana. Miaka 50 baadaye, mwaka 2007, sanamu yake ilisimamishwa Nairobi kwa heshima. Picha iliyokusudiwa kumdhalilisha ikawa moja ya kumbukumbu zake mashuhuri. Somo hapa ni kwamba aipigaye picha hawezi kuitawala baada ya kuiachia. Huenda ikageuka kuwa sifa, na huenda ikageuka kuwa msiba, na mwenye uso ndiye hakuulizwa.

Nasi wa pwani twalijua chungu hili. Wageni huja katika vichochoro vya Mji wa Kale na vya Lamu wakiwaelekezea kamera mama zetu na dada zetu waliovaa buibui, nasi hukasirika, na hasira hiyo ina haki. Lakini kijana wetu akipanda bara na kufanya yale yale kwa mama wa watu wa Karatina, huyaita sanaa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu.

Wala pasiwe na mtu wa kusema kwamba mama yule si Muislamu, na kwamba haki tuzitajazo ni za Waislamu wao kwa wao. Katika Suratul Israi, aya ya 70, Mwenyezi Mungu ametaja kwamba amewatukuza wanadamu, wala hakutaja kabila wala dini. Na Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alisimama jeneza la Myahudi lilipopita, alipoambiwa kuwa ni la Myahudi, aliwauliza kama hiyo nayo si nafsi. Mji kama Nanyuki, ambamo Mkikuyu na Mmeru, Msomali na Msamburu, Mhindi na Mzungu hukutana njia moja, ni mahali pa kuitenda aya ya 13 ya Suratul Hujurat, ambayo imefanya mataifa na makabila kuwa sababu ya kujuana. Na asiyejua jina la mtu wala hakumsalimu, hajajuana naye, amemchukua tu.

VI. PALE INAPORUHUSIWA BILA RUHUSA

Imamu Nawawi, katika Riyadhus Salihin, ametaja sababu sita ambazo kwazo yajuzu kumsema mtu kwa alichukialo. Miongoni mwake ni kushtaki dhuluma, kutaka msaada wa kuondoa uovu, na kuwatahadharisha watu na shari. Twaona kwamba sababu hizo zafaa kuwa kipimo cha picha pia.

Mfano ni marehemu Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1943. Oktoba 1984 alipiga picha za wenye njaa huko Korem, Ethiopia, na ulimwengu ulipoziona ukaamka kupeleka chakula. Mfano mwingine ni wa Juni 2025, mchuuzi wa barakoa alipopigwa risasi na polisi kwa karibu katika njia ya Nairobi, akafariki siku chache baadaye. Picha za waliokuwapo ndizo zilizolifanya jambo lisiweze kukanwa. Katika hali kama hizo anayepiga picha ameitekeleza haki ya njia, kwani kukataza maovu ni mojawapo ya haki hizo.

Lakini nia na njia ya kupitisha ni sharti. Mwaka 2014 mwanamke alivuliwa nguo na kundi la wanaume katika kituo cha matatu Nairobi, na picha zikasambazwa. Tarehe 17 Novemba wanawake wakaandamana kupinga unyama huo. Picha ya kitendo kama hicho ikipelekwa kwa askari na hakimu ni ushahidi. Ikipelekwa kwa marafiki wa kucheka, ni kumvua mara ya pili.

VII. SHERIA YA NCHI

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 31, imempa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeihesabu picha ya mtu kuwa miongoni mwa habari zake zinazolindwa. Mnamo Septemba 2023 Kamishna wa Data alikitoza kilabu kimoja cha starehe cha Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja ikatozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Hata hivyo sheria hiyo imeacha nafasi kwa mambo ya mtu binafsi, na kwa uandishi wa habari na sanaa, na huenda ndugu yetu akapata humo pa kupitia. Lakini Muislamu haulizi tu kama atatozwa faini. Huuliza pia kama ataulizwa.

VIII. ADABU ZA MPIGA PICHA NJIANI

Haya ndiyo tuliyoafikiana darasani, na kila mwenye simu yenye kamera, yaani karibu sote, yamhusu:

1. Asalimu kwanza kwa salamu ya wenyeji. Katika nchi ya Nyeri neno "wimwega" hufungua milango ambayo kamera huifunga.

2. Asimpige aliyelala, mlevi, mgonjwa, mwenye wazimu, mwenye kulia, wala ambaye nguo imemponyoka.

3. Asimpige mtoto bila idhini ya mzazi wake.

4. Awaombe wenyewe kabla ya kueneza, na akubali kukataliwa bila kununa.

5. Akiuza picha akapata fedha, amkumbuke mwenye uso, kwani jasho lililoonekana katika picha si lake yeye.

6. Asimtie mtu maneno ambayo hakuyasema, wala kumwita maskini au mvivu au mhuni kwa dakika moja aliyomwona.

7. Akiletewa picha ya aibu ya mtu, ikomee kwake. Mtume (s.a.w.) ametubashiria kwamba amsitiriye Muislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri Siku ya Kiyama.

Na asiyetaka mashaka, miji ile ina mengi ya kupigwa yasiyomuudhi mtu: mikono ichaguayo majani ya chai, migongo ya wapagazi katika ukungu, taa za maduka mvua inaponyesha, na mlima wenyewe unapojifunua asubuhi.

Wiki ijayo, inshallah, kila mwanadarasa afungue simu yake kabla ya kuja, azitazame picha za watu alizozihifadhi na alizozipeleka kwa wengine, na ajiulize juu ya kila moja: mwenye uso huu angelikuwa ameketi hapa kando yangu, ningeliifungua? Mazungumzo yetu yataanzia hapo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azisitiri aibu zetu, ayalinde macho yetu na ndimi zetu na vidole vyetu, na atujaalie tuwe watu ambao wapita njia husalimika nao. Amin.